Namna ya Kuandaa Mjadala wa Mageuko na Usanifu Wenye Akili Darasani

Kazi ya kwanza ya mwalimu anayetaka kuandaa mjadala huu ni kuitunga hoja yenyewe, na hapo ndipo mijadala mingi huharibika kabla mtu yeyote hajasimama kuzungumza. Mwaka mmoja, katika shule ya sekondari hapa Mombasa, niliandika ubaoni swali la iwapo Mungu ndiye aliyeumba viumbe au vilitokana na mageuko. Waislamu na Wakristo waliokuwa wamekaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza wakaanza kuulizana kuhusu imani zao, na kipindi kikaisha bila yeyote kuulizwa kuhusu ushahidi wake. Kosa lilikuwa langu. Swali la nani aliyeumba halipimwi kwa darubini, na wako wanasayansi wengi wanaomwamini Mungu na kuyakubali mageuko. Hoja inayofaa ni hii: je, usanifu wenye akili unastahili kufundishwa kama sayansi katika somo la biolojia?

Eleza maneno mawili hayo mapema. Mageuko, kama Charles Darwin alivyoyafafanua mwaka 1859, ni kwamba viumbe wana asili ya pamoja na hubadilika kizazi baada ya kizazi, hasa kwa uteuzi asilia: wenye sifa zinazowafaa mahali wanapoishi huacha wazao wengi zaidi. Usanifu wenye akili si jina jingine la kumwamini Muumba. Ni dai kwamba sayansi yenyewe inaweza kuthibitisha alama za msanifu katika maumbile. Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani aliyelitetea dai hilo katika kitabu chake cha mwaka 1996, anakubali kwamba viumbe wana asili ya pamoja, jambo ambalo wanafunzi hushangaa kulisikia.

Mwanafunzi fulani hakika atasema kwamba mlango wa nakshi wa Mji wa Kale haukujichonga, basi jicho la mwanadamu litajiumbaje? Usimkatize. Hoja hiyo ni ya zamani na ina heshima yake, kwani mwaka 1802 William Paley wa Uingereza aliijenga kwa mfano wa saa iliyookotwa nyikani. Mtake autazame mlango huo kwa karibu, mbao zake mbili, mfaa wa katikati, maua yaliyochongwa kwa patasi, kisha umuulize kama mlango umewahi kuzaa mlango. Hauna watoto wanaofanana nao kwa mengi na kutofautiana nao kwa machache, baadhi yao wakafa mapema na wengine wakadumu hadi kuzaa. Viumbe wana yote hayo, na ndiyo maana mfano wa fundi hautoshi peke yake.

Behe naye alitumia mtego wa panya. Nunua mmoja sokoni Kongowea, uulete darasani, uondoe springi mbele ya wanafunzi, nao wataona kwamba haunasi tena. Anadai kwamba mjeledi wa bakteria, yaani mkia unaozunguka na kumsukuma, uko vivyo hivyo: ukipungua kipande kimoja hauna kazi, kwa hiyo haungeweza kujengeka hatua kwa hatua. Upande wa pili ujibu kwamba sehemu ya mjeledi huo inafanana sana na sindano ambayo baadhi ya bakteria hutumia kudungia sumu katika seli za viumbe wengine. Kifaa kilichopungua kinaweza kuwa na kazi nyingine. Jibu hilo halielezi kila hatua, na mwenyekiti mwaminifu ataruhusu liulizwe zaidi.

Muda mrefu zaidi uupe ushahidi wa hapa kwetu. Wazee wa Pwani wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake ulimini na mwasho uliowakesha wengi usiku kucha. Iliponya malaria kwa miaka mingi, kisha ikashindwa, na mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza. Vimelea vichache vya malaria vyenye badiliko katika jeni moja, yaani maelekezo ya kurithi yaliyomo katika seli, viliweza kuisukuma dawa nje ya mahali inapofanyia kazi, vikazaana huku vingine vikifa. Malawi ilikuwa imeiacha mwaka 1993, na katika muda usiofika miaka kumi vimelea vinavyouawa na dawa hiyo vikarudi kwa wingi.

Halafu uje kwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akaona kwamba jeni ya selimundu imeenea Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria nyingi, lakini ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Sema haya kwa upole, kwa kuwa huenda darasani yumo mwenye ndugu anayeongezwa damu mara kwa mara.

Watetezi wa usanifu wana haki ya kujibu, kama Behe alivyojibu, kwamba hayo ni mabadiliko madogo. Hapo kila upande uulizwe swali moja: ni kitu gani kikionekana kesho kitakuonyesha umekosea? Wanamageuko walitabiri kwamba miamba ya umri fulani ingekuwa na mabaki ya samaki anayekaribia wanyama wa miguu minne, wakaenda kuchimba kaskazini mwa Kanada, na mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, wa miaka milioni 375 hivi. Usanifu haujatoa utabiri wa namna hiyo. Jaji John E. Jones, katika kesi ya mwaka 2005 kuhusu kuuingiza usanifu huo katika shule za Dover, Pennsylvania, Marekani, aliamua kwamba si sayansi, lakini hukumu ya mahakama isiwe hoja yako kuu, kwa maana sayansi haiamuliwi kortini.

Usipigishe kura mwishoni. Mpe kila mwanafunzi karatasi aandike, bila jina, ni ushahidi upi ungembadilisha rai, uzikusanye, na kipindi kijacho ukianze kwa kuzisoma.