Namna ya Kupata na Kusoma Orodha ya Wagombea wa Komuni Yako mjini Lubumbashi

Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya Kongo ya 2006, wakaaji wa Lubumbashi walichagua wenyewe washauri wa komuni zao (yaani sehemu za kiutawala zinazougawanya mji), siku ileile waliyopiga kura ya rais, ya wabunge wa taifa na ya wabunge wa jimbo. Kwa maoni yangu, kura hiyo ya komuni ndiyo inayostahili kuchunguzwa kuliko zote, kwa kuwa kisheria washauri wa komuni ndio wanaomchagua bugumestre, yaani mkuu wa komuni, na pia washauri wa mji, na hao wa mji ndio wanaomchagua meya. Mtu asiyejua ni nani waliojiandikisha kugombea katika komuni yake, hata meya akichaguliwa hatajua mlolongo ulianzia kwa nani.

Anza kwa kuhakikisha komuni unayopigia kura. Lubumbashi ina komuni saba: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi. Wengi wetu hujitambulisha kwa jina la mtaa. Mkaaji wa Bel-Air akitafuta Bel-Air katika orodha hataipata, kwa sababu mtaa wake umo ndani ya Kampemba. Kadi yako ya mpiga kura itakuonyesha mahali ulipoandikishwa.

Wagombea hupeleka faili zao katika ofisi maalumu ambazo CENI, tume huru ya taifa ya uchaguzi, hufungua kwa ajili ya kupokea na kuchunguza maombi. Baada ya uchunguzi huo, CENI hutangaza orodha mbili kwa nyakati tofauti, na hapa naomba msomaji awe makini. Ya kwanza ni orodha ya muda, ambayo bado inaweza kubishaniwa mahakamani. Ya pili ni orodha ya mwisho, inayotoka baada ya mahakama kuamua. Watu wengi huingoja ya pili, nami naona hilo ni kosa, kwa maana kasoro hurekebishwa wakati wa orodha ya muda, na siku za kufanya hivyo huwa chache sana. Fuatilia kalenda ya uchaguzi tangu mwanzo, kisha siku ya tangazo nenda ukasome karatasi zilizobandikwa kwenye antena ya CENI, yaani ofisi yake ya eneo lenu, au fungua tovuti ya ceni.cd. Faili za tovuti huwa nzito kwa simu. Ni afadhali mtu mmoja wa avenyu apakue faili ya komuni yenu, aichape, na majirani wachangie gharama ya fotokopi.

Kusoma orodha kuna ugumu wake. Mgombea ambaye mtaa mzima unamwita kwa jina la ubatizo, au kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ameandikwa rasmi kwa jina lake la kwanza la ukoo, likifuatwa na jina la pili, na jina la ubatizo huja mwishoni. Kwa hiyo uliza mapema majina yake yote matatu, pamoja na chama au muungano uliomsimamisha, kabla ya kusema kwamba hayumo.

Na ikiwa kweli hayumo, usikimbilie kuamini kwamba ameonewa. Sheria ya uchaguzi, iliyorekebishwa mwaka 2022, inakitaka chama kiwe na wagombea wa kufikia asilimia 60 ya viti vinavyogombewa, la sivyo orodha zake hazipokelewi. Hivyo mtu mwenye faili kamili huweza kuanguka pamoja na chama chake. Mwingine huondolewa kwa kukosa stakabadhi ya malipo ya dhamana, ambayo hairudishwi. Haki ya kwenda mahakamani ni ya wagombea, vyama na miungano yao. Mpiga kura mwenye ushahidi aupeleke kwao haraka.

Kama karatasi hazikubandikwa, au ukurasa wa komuni yako umekosekana, andika barua fupi ya heshima kwa mkuu wa antena, ukitaja kifungu cha 24 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kupata habari. Chapa nakala mbili, uache moja, na hiyo nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Omba orodha tu. Anwani ya nyumbani ya mgombea na namba yake ya simu si vitu vya kusambaza katika makundi ya WhatsApp.

Piga picha ya kila ukurasa, tarehe ikionekana, na uihifadhi hadi kampeni. Mabango yakianza kutundikwa, linganisha namba ya mgombea iliyoandikwa juu yake na ile iliyo katika orodha ya mwisho ya komuni, kwa kuwa kila uchaguzi una namba zake, na namba ya mbunge wa jimbo ni tofauti na ya mshauri wa komuni hata kama wote wawili ni wa chama kimoja.