Bili imeshuka, lakini umeme umeokolewa? Jinsi ya kutathmini mpango wa matumizi bora ya nishati

Umepewa kazi ya kutathmini mpango uliosaidia viwanda na majengo ya Nairobi, Athi River na Thika kupunguza matumizi ya umeme. Msimamizi wa mpango anakukabidhi faili la bili za kabla na za baada, na zote zimeshuka. Usianze kuandika ripoti.

Hatua ya 1: Hesabu uniti, achana na shilingi

Uniti ni kilowati-saa, yaani umeme wenyewe uliotumika. Bili ya Kenya Power ina gharama ya mafuta na marekebisho ya sarafu za kigeni, na vyote hupanda na kushuka bila kiwanda kugusa swichi. Kuna pia punguzo la umeme wa usiku lililoanza Desemba 2017: mwenye kiwanda akihamishia kazi usiku, analipa kidogo kwa uniti zilezile.

Mtego mkubwa zaidi ni kVA, yaani kipimo cha nguvu yote ambayo nyaya zinabebea kiwanda, ambacho hulipiwa kando ya uniti. Tuseme mitambo inavuta kilowati 400 na kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya nguvu hiyo inayofanya kazi kweli, ni 0.8. Mita ya kVA itasoma 500. Fundi akifunga kapasita, kifaa cha kuinua kipengele hicho, kikafika 0.95, mita itasoma 421. Mwenye kiwanda anafurahi, na ana haki ya kufurahi, lakini uniti zake hazijabadilika ila kidogo sana. Nimeona ripoti zikiita hiyo "nishati iliyookolewa". Iweke safu yake, mbali na uniti.

Hatua ya 2: Tafuta umeme usiopita kwenye mita ya Kenya Power

Hapa niliwahi kuumbuka. Kiwanda kimoja cha plastiki kilikuwa kimepunguza uniti vizuri sana, nikakisifu mbele ya wafadhili. Baadaye nikapanda juu ya paa kuangalia jambo lingine kabisa, nikakuta paneli za sola zimetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna aliyenidanganya, mimi sikuuliza. Sola ni jambo jema, lakini kiwanda kinachohamia sola hakijapunguza matumizi. Uliza pia daftari la dizeli. Stima ikipotea mara kwa mara, jenereta hubeba mzigo, na lita moja hutoa takriban uniti tatu. Jumlisha zote.

Hatua ya 3: Tengeneza msingi wa kulinganishia

Usichague 2020 kuwa mwaka wa msingi, kwa sababu korona iliharibu takwimu za kila mtu. Chukua angalau miezi 12 ya kawaida, panga uniti za kila mwezi kando ya tani zilizozalishwa, kisha chora mstari kwenye Excel.

Tuseme mstari unaonyesha kiwanda hutumia uniti 30,000 kwa mwezi hata kikizalisha sifuri, na uniti 400 zaidi kwa kila tani. Kwa tani 200, matumizi ni 110,000. Baada ya mpango, mwezi mmoja kilizalisha tani 150 na kutumia uniti 84,000. Mwenye haraka ataandika kwamba zimeokolewa 26,000. Lakini kwa tani 150 kiwanda kingetumia 90,000 hata bila mpango. Kilichookolewa ni 6,000.

Kwa majengo, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto halisumbui bili kama Mombasa. Kinachosumbua ni wapangaji. Jengo lililobaki na ghorofa tatu tupu litaonekana hodari wa kuokoa umeme. Omba orodha ya nafasi zilizokodiwa, mwezi kwa mwezi.

Hatua ya 4: Kama akiba ni ndogo, pima mtambo wenyewe

Zile 6,000 ni chini ya asilimia 7 ya 90,000. IPMVP, mwongozo wa kimataifa wa kupima akiba ya nishati, unashauri kutotegemea mita kuu ikiwa akiba haifiki asilimia 10 hivi, maana inamezwa na mabadiliko ya kawaida. Nenda kwenye mtambo.

Kwa kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye mabomba ya kiwanda, mimi huenda Jumapili alasiri, mashine zote zikiwa zimezimwa, niko na mlinzi tu. Washa kompresa, iache hewa ijae kwenye mabomba, kisha shika saa. Ikipakia hewa dakika 2 na kupumzika dakika 3, inavuja asilimia 40, yaani 2 kugawa kwa 5. Tembea kando ya mabomba ukisikiliza. Kwenye ukimya wa Jumapili utasikia kila kiungo kikipuliza. Linganisha na kipimo kama hicho cha kabla ya mpango. Kama hakikuchukuliwa, liandike hilo kwenye ripoti bila kuona haya.

Hatua ya 5: Tenga wadandiaji

Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zilitaka kila anayetumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka afanye ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Kwa hiyo wengi wangefanya kitu hata bila mpango wako; hao ndio wadandiaji. Uliza: ulikuwa umeomba bei ya vifaa kabla ya kusikia habari za mpango? Omba kuona tarehe ya hiyo karatasi ya bei. Kisha zungumza na viwanda vya ukubwa uleule ambavyo havikujiunga.

Na usikubali kuchaguliwa wa kutembelea. Watumiaji wakubwa watembelee wote, wadogo wachague kwa bahati nasibu.

Hatua ya 6: Rudi baada ya mwaka

Hii ndiyo hatua inayokatwa bajeti ikibana, nami huwa naigombania. Fungua kisanduku cha inverta, kifaa kinachopunguza kasi ya mota kulingana na kazi, uone swichi imekaa wapi. Mara ya mwisho niliikuta kwenye baipasi, yaani umeme unaipita inverta na kwenda moja kwa moja kwenye mota. Fundi akaniambia inverta ilileta shida mvua ya Aprili, wakaipita ili kazi isisimame. Mota ilikuwa ikizunguka kwa kasi yote tangu siku hiyo. Nikaifuta akiba yake kwenye hesabu kuanzia Aprili.