SOMO: Kuchanganya juisi ya vepu isiyo na nikotini nyumbani, na vitu ambavyo havitakiwi kabisa kuingia kwenye chupa

Habari wadau. Watu wengi wanauliza namna ya kujitengenezea juisi ya vepu (sigara ya kielektroniki) bila nikotini na majibu wanayopewa mengine yanatisha, mtu anaambiwa aweke arki ya keki, mwingine anaambiwa atie mafuta ya nazi kidogo ili moshi uwe mzito, sasa hapo si unamwambia mwenzako avute mafuta yaende kwenye mapafu? Nimeona bora niandike kila kitu mahali pamoja, kazi yenyewe ni nyepesi, ukijua kupima umemaliza, ngumu ni kujua nini usiweke.

Somo hili ni la mtu mzima ambaye tayari anavepu, hasa yule aliyeacha sigara akawa anashusha nikotini taratibu mpaka kafika sifuri ila mkono na mdomo bado vinadai. Kama hujawahi kuvuta kitu chochote basi usianze, kutokuwa na nikotini hakuifanyi kuwa hewa safi.

Vitu vinavyohitajika

Juisi ya vepu ina vitu vitatu tu: PG, VG na flava.

PG ni propilini glaikoli, nyepesi kuliko VG, ndiyo inayobeba ladha na ndiyo inayokwaruza koo kidogo. VG ni gliserini ya mimea, nzito, tamutamu, ndiyo inayotoa moshi mwingi. Zote mbili chupa iwe imeandikwa USP au EP, yaani kiwango cha dawa, na usafi wa asilimia 99.5 kwenda juu. Hapa naomba tuelewane vizuri. Ile gliserini ya duka la vipodozi tunayopaka miguu ikipasuka SIYO hii. Geuza chupa usome nyuma, nyingi zina maji, manukato, nyingine rangi, na ngozi inavumilia vitu ambavyo pafu halivumilii. Na PG ya kupimiwa kwenye dumu lisilo na lebo usiiguse hata ukipewa bure. Oktoba 2022 WHO ilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na dayathilini glaikoli na ethilini glaikoli, watoto wengi walikufa kwa figo kufeli. Hizo ni sumu zinazofanana sana na PG kwa macho, hazina rangi, hazina harufu, zina utamu, huwezi kuzitofautisha jikoni kwako. Kinachokulinda ni muuzaji anayeeleweka, chupa iliyofungwa na namba ya toleo iliyochapwa juu yake.

Flava nunua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchanganya juisi, zinaitwa konsentreti. Capella ya Marekani, FlavourArt ya Italia na Inawera ya Poland zinajulikana na ukurasa wa kila flava unakuambia imeyeyushwa ndani ya nini. Unataka iliyoyeyushwa kwenye PG. Ukiona neno mafuta, sukari au asali kwenye viambato, rudisha rafuni.

Vifaa: mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu 0.01 (wanazo wanaouza vifaa vya dhahabu na mtandaoni zipo kibao), chupa za mililita 30 zenye mdomo mwembamba, sirinji chache zisizo na sindano, glavu, tishu, na lebo pamoja na kalamu isiyofutika. Chupa zioshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza sana, ziache zikauke kabisa kichwa chini. Tone la maji likibaki juisi itakuwa inarukaruka kwenye koili (waya unaopasha juisi) na kukupiga midomo.

Hesabu kwanza, mkono baadaye

Tunatengeneza mililita 30 tu. Usianze na lita ndugu yangu, flava ikikukataa unamwaga vyote.

Tuchukue VG 70 kwa PG 30, uwiano huu unafaa tangi zenye koili kubwa. Ukiwa na podi ndogo (kile kikopo kidogo cha juisi cha kuchomeka) tumia 50 kwa 50 maana VG nyingi haipiti vizuri kwenye yale matundu madogo, pamba inayonyonya juisi inakauka, koili inaungua.

Flava yetu: embe asilimia 5, pesheni asilimia 2, na ubaridi (WS-23, kitu cha kuleta hisia ya baridi) asilimia 1. Jumla 8. Flava zote zimekaa ndani ya PG kwa hiyo unazitoa kwenye fungu la PG, wengi hapa ndipo hesabu inapowapotea. Asilimia 30 ya mililita 30 ni 9, toa flava 2.4, PG ya kuongeza inabaki 6.6. VG ni mililita 21.

Sasa geuza iwe gramu maana kupima kwa mizani ni sahihi na ni safi kuliko kuhangaika na sirinji nne. Mililita moja ya PG ina gramu 1.04 hivi, ya VG 1.26, flava chukulia 1. Inakuwa hivi:

Embe gramu 1.5
Pesheni gramu 0.6
Ubaridi gramu 0.3
PG gramu 6.9
VG gramu 26.5

Jumla kama gramu 35.8. Andika kwenye daftari kabla hujafungua chupa yoyote.

Kuchanganya

Hatua ya 1. Weka mizani mahali tambarare, zima feni. Nasema kweli, upepo wa feni unachezesha namba za mizani hizi ndogo na 0.3 ya ubaridi inageuka 0.6 hujui imekujaje.

Hatua ya 2. Weka chupa tupu juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Tia embe tone kwa tone, tone moja ni kama gramu 0.02 mpaka 0.03, kwa hiyo ukifika 1.4 punguza mkono. Ikifika 1.5 rudisha sifuri, tia pesheni. Sifuri tena, ubaridi. Ukizidisha kitu usijaribu kukifyonza, ongeza vingine kwa uwiano uleule au mwaga uanze upya, ndiyo maana tumeanza na ndogo.

Hatua ya 3. PG, halafu VG mwisho. VG kama ni nzito sana iweke chupa yake kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika tano itatiririka. Usiweke kwenye maikrowevu.

Hatua ya 4. Funga, tikisa dakika mbili nzima kwa nguvu. Ukiinua kwenye mwanga mwanzoni utaona nyuzinyuzi zinaelea ndani, ndiyo VG na PG bado hazijashikana, endelea mpaka zipotee na ibaki safi yenye mapovu madogomadogo.

Hatua ya 5. Lebo. Jina, tarehe, uwiano, asilimia za flava, na maneno "HAINA NIKOTINI, SI YA KUNYWA". Kisha iweke juu, ndani ya kabati la kufungwa. Inanukia embe, mtoto ataona ni juisi kweli.

Hatua ya 6. Ilaze. Sehemu yenye giza na isiyo na joto, flava za matunda siku tatu mpaka wiki, za krimu na vanila wiki mbili mpaka nne. Kila ukipita itikise. Ikibadilika rangi kuwa ya kahawia kidogo, hasa yenye vanila, ni kawaida. Ikitengana ikawa na tabaka juu baada ya kutikiswa vizuri, mwaga, kuna kitu hakijayeyuka na mara nyingi ni mafuta.

Koili mpya idondoshee matone machache kwenye pamba, jaza tangi, subiri dakika kumi ndiyo uvute, kwa wati za chini. Ukisikia ladha ya kuungua acha papo hapo, pamba ikikauka PG na VG zinachomwa na kutoa fomaldihaidi, haijalishi nikotini ipo au haipo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi nipo Unguja, mafuta ya karafuu hapa ni ya asili kabisa hayana kemikali, matone mawili tu yana shida gani?

Jibu: Yana shida kaka. Asili ni jambo zuri kwenye pilau, kwenye pafu haikusaidii. Mafuta ya karafuu, mnanaa, mkaratusi, yote ni makali sana na hayashikani vizuri na VG, yanaelea juu kisha unayavuta mazito kwa mkupuo. Mafuta ya kula ndiyo mabaya zaidi, nazi, alizeti, ufuta, hayo yakiingia kwenye mapafu yanaleta nimonia ya mafuta na antibayotiki haiitibu kwa sababu si kijidudu. Ukipenda karafuu tafuta konsentreti ya viungo iliyoyeyushwa kwenye PG, anza na asilimia 0.5 maana inatawala.

Swali: Na zile arki za rangi na ladha za keki? Zinaliwa na watoto mbona

Jibu: Kinacholiwa kinapita tumboni, kule kuna asidi na ini linalochuja. Mfano uliopo ni wa mwaka 2000 kule Missouri Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waliugua ugonjwa wa kuziba njia ndogo za hewa kwa kuvuta mvuke wa diasetili, ile flava ya siagi. Ukiila inahesabika salama, wao waliivuta kazini siku baada ya siku na pafu likishapata kovu la namna ile halirudi. Ndiyo maana flava za siagi, krimu na kastadi soma karatasi yake, kama muuzaji hawezi kukwambia haina diasetili na asetili propionili achana nayo. Arki za keki juu ya hayo zina rangi na mara nyingi sukari.

Swali: Boss niko Nairobi, nikitaka iwe sweet kama zile za duka naeza weka sukari ama asali?

Jibu: Hapana, sukari inageuka karameli juu ya koili, unapata gundi nyeusi na ladha ya kuungua siku hiyohiyo. Za duka wanatumia sukralosi (kitamu kisicho sukari, huuzwa ikiwa imeyeyushwa), tone moja kwa mililita 30 linatosha na hiyo nayo inaua koili mapema. Mimi binafsi siiweki, ongeza VG au chagua flava ya embe iliyoiva, utamu unatosha.

Swali: Tangi langu la plastiki limepata nyufa baada ya kuweka juisi ya limau, ni joto?

Jibu: Ni flava mkuu. Limau, chungwa, mdalasini na mentholi kali zinakula baadhi ya plastiki. Tumia tangi la kioo.

Swali: Shikamoo zangu kwa wakubwa. Nina kijana wa miaka 16 nimemkuta na hivi vitu, anasema haina nikotini kwa hiyo haina neno. Naomba ushauri.

Jibu: Marahaba dada. Ina neno. Kwanza zile za kutupa za mtaani lebo haziaminiki, imeandikwa sifuri na ndani nikotini ipo, sasa wewe hujui na yeye hajui. Pili umri huo mapafu bado yanakua. Mchukue mzungumze kwa utulivu, muulize anapata wapi na anavuta na nani, kama asubuhi anaamka na hasira na kichwa kinamuuma akikosa, hapo nikotini ipo, nenda naye kwa daktari. Na tafadhali usimpe somo hili aanze kuchanganya.

Swali: Wale vijana wa Marekani waliokufa kwa vepu ilikuwa hizihizi za flava?

Jibu: Swali zuri. Ule ugonjwa wa mapafu wa 2019, CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani) walihesabu wagonjwa 2,807 na vifo 68 mpaka Februari 2020, na kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E iliyowekwa kuzimua mafuta ya bangi kwenye katriji za mtaani. Tunarudi palepale, mafuta. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema fungua kidonge cha vitamini E utie kwenye juisi ili iwe laini, mzuie kwa nguvu zote.

Swali: PG inanikausha koo na kifua kinabana, niendelee tu nitazoea?

Jibu: Koo kukauka ni kawaida, PG na VG zote zinavuta maji, kunywa maji. Kifua kubana si cha kuzoea, acha leo ukapime. Kuna wasiopatana na PG na kuna wenye pumu ambao mvuke wowote unawaamsha.

Swali: Naenda Kampala wiki ijayo, nikibeba chupa yangu kuna tatizo?

Jibu: Uganda sheria yao ya tumbaku ya 2015 inakataza sigara za kielektroniki, kuingiza na kuuza. Usitegemee kumweleza afisa mpakani kwamba yako haina nikotini. Iache nyumbani. Singapore ndiyo kabisa, tangu 2018 hata kukutwa nayo tu ni kosa.

Swali: Inakaa muda gani kabla ya kuharibika?

Jibu: Ikiwa imefungwa na iko gizani, mwaka bila wasiwasi kama PG na VG zenyewe hazijapita tarehe. Ikinuka tofauti, ikiwa na ukungu au vitu vinaelea, mwaga. Kama uliweka maji au maji ya tunda halisi (kuna mtu alinitumia picha ya pesheni aliyokamua mwenyewe) hiyo isikae hata siku moja, mwaga sasa hivi.