Fyuzi za Mizinga Ulizorithi: Zitambue kwa Macho, Si kwa Mikono

Si ajabu kwa familia ya Ilala au Temeke kufungua sanduku la marehemu babu na kukuta, pamoja na medali na vifungo vya sare, kitu kizito cha shaba chenye umbo la pia na pete zilizochongwa namba. Yaelekea hiyo ni fyuzi, kifaa kilichofungwa kwenye ncha ya kombora la mzinga ili kulipasua kwa wakati uliotegwa au linapogonga shabaha.

Kabla ya lolote, iache ilipo. Baruti na fataki haziishiwi nguvu kwa sababu ya umri, na hata fyuzi iliyokwisha kupigwa yaweza kubaki na sehemu ambayo haikuwaka. Usiifungue, usiisugue kwa msasa wala ndimu, usiitikise, wala usiipakie kwenye bodaboda kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Waondoe watoto, funga chumba, kisha piga simu polisi, namba 112, ili wataalamu wa milipuko waje kuikagua. Jiji lililopitia milipuko ya maghala ya jeshi ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 halina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi.

Wataalamu wakithibitisha kuwa haina kitu ndani, waombe wakuandikie hivyo, ndipo uipige picha kwa mwanga wa ubavuni, kwa mfano karibu na dirisha asubuhi, kwa kuwa mwanga wa mbele hufifisha maandishi yaliyochongwa. Kwenye fyuzi ya Uingereza tafuta mshale mpana wa mistari mitatu, alama ya mali ya serikali, kisha namba ya aina, toleo kwa tarakimu za Kirumi, herufi za mtengenezaji na tarehe. Fyuzi Namba 80, iliyotumika sana katika Vita Vikuu vya Kwanza, ina pete yenye vipimo kutoka 0 hadi 22. Za Kijerumani mara nyingi huandikwa Dopp. Z., yaani zilifanya kazi kwa muda na kwa mgongano pia, na pete za baadhi yake huonyesha umbali kwa mita badala ya muda.

Usiamue kwa alama moja. Namba 80 ilitokana na hataza ya kampuni ya Kijerumani ya Krupp, ambayo Vickers ya Uingereza iliitumia kwa makubaliano yaliyofanywa kabla ya vita, na baadhi ya fyuzi hizo zimechongwa KPZ 16/04 (KPZ ni kifupi cha Kijerumani cha fyuzi ya hataza ya Krupp) kwa sababu hiyo. Anayeziona herufi hizo peke yake atadhani ameshika kitu cha jeshi la Wajerumani, ilhali mshale mpana ulio ubavuni unasema vinginevyo.

Tarehe nayo ni ya kutengenezwa, si ya mapigano. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916; kwa hiyo fyuzi iliyochongwa 1917 haikuokotwa katika tukio hilo, hata kama wazee wote wa ukoo wanasimulia hivyo. Andika masimulizi yao kwenye ukurasa wake, na alama ulizozisoma kwenye ukurasa mwingine.