Somo: Wi-Fi inagoma kwenye kompyuta ya mezani? Tafuta kwanza ilipokatikia

Wi-Fi ikigoma, wengi hukimbilia kupiga Windows upya, yaani kuisakinisha kuanzia mwanzo. Nawaomba sana, msianzie huko. Kazi hiyo inakula muda, inahatarisha mafaili yako, na mara nyingi tatizo hubaki palepale kwa sababu halikuwa ndani ya Windows.

Kutoka kwenye kompyuta hadi intaneti kuna vipande vinne: adapta ya Wi-Fi, mawimbi kati ya adapta na ruta, anwani ambayo ruta huigawia kompyuta, na laini inayotoka kwenye ruta kwenda kwa mtoa huduma. Jua kwanza ni kipande kipi kimekatika, ndipo uguse mipangilio.

Hatua ya 1: Jaribu kwa simu
Unganisha simu kwenye Wi-Fi ileile, na uzime data ya simu ili usidanganyike. Ikiwa nayo haipati intaneti, kompyuta haina kosa. Zima ruta, subiri nusu dakika, washa, kisha ipe dakika chache itulie. Simu ikipata, endelea.

Hatua ya 2: Zunguka nyuma ya kasha
Hapa ndipo kompyuta ya mezani inapotofautiana na ya mapajani, na ndipo watu wanaporuka. Kompyuta ya mapajani kwa kawaida ina antena kwenye fremu ya kioo, juu na mahali pa wazi. Ya mezani antena zake ziko nyuma, kati ya kasha la chuma na ukuta, mara nyingi chini ya meza. Chuma huzuia mawimbi.

Ubao mama wenye Wi-Fi huja na antena zikiwa pembeni kwenye boksi, nawe unazifunga mwenyewe. Bila antena, kompyuta huweza kuona mtandao ukiwa karibu sana, lakini itashika na kuachia. Zifunge kwa vidole, usitumie koleo. Kama zina waya mrefu, zipandishe juu ya meza.

Wanaotumia adapta ndogo ya USB: msiichomeke nyuma, jirani na diski ya USB 3. Vifaa vya USB 3 na kebo zake hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi. Waya wa kurefushia USB, hata wa mita moja, huondoa tatizo ambalo draiva yoyote (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) isingeliondoa.

Hatua ya 3: Je, Windows inaiona adapta?
Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, fungua Device Manager, kisha Network adapters. Tafuta jina lenye neno Wireless, Wi-Fi au 802.11.

Ukiona mshale unaoelekea chini, adapta imezimwa. Iwashe kwa Enable device. Ukiona pembetatu ya njano, shughulikia draiva: ichukue kwa mtengenezaji wa ubao mama au wa adapta, si kwenye zile programu zinazoahidi kusasisha kila kitu kwa mbofyo mmoja. Kama haionekani kabisa, hata chini ya Other devices ambako kifaa kisicho na draiva hukaa, huenda kadi imelegea, imekufa au imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla Windows haijawaka.

Kama shida ilianza mara tu baada ya sasisho, bofya jina la adapta kwa upande wa kulia wa kipanya, ingia Properties, kichupo cha Driver, ujaribu Roll Back Driver. Kichupo cha Power Management kikiwepo, ondoa tiki inayoruhusu Windows kuzima adapta ili kuokoa umeme. Kompyuta iliyochomekwa ukutani haina sababu ya kubana umeme kiasi hicho.

Hatua ya 4: Iulize mashine yenyewe
Fungua Command Prompt, andika ipconfig. Tazama IPv4 Address na Default Gateway, ambayo ndiyo anwani ya ruta. Kisha fanya ping tatu, yaani andika ping, nafasi, halafu anwani, uone kama upande wa pili unajibu. Fuata mpangilio huu: ya anwani ya ruta, ya 8.8.8.8 (seva ya Google kwenye intaneti), halafu ya example.com.

IPv4 ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta, ikajipa yenyewe. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ikikataa, sahau mtandao huo kwenye Settings na uingize nywila upya.

Ping ya ruta ikipotea mara kwa mara, tatizo ni mawimbi. Rudi hatua ya 2. Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 haijibu, chunguza ruta na laini yake. Zote mbili zikijibu ila jina halifunguki, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: andika ipconfig /flushdns, na isipotosha, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kama DNS.

Network reset, iliyo kwenye Settings, iache mwisho kabisa. Inaziondoa adapta zote na kuzisakinisha upya, na huenda ukalazimika kuweka upya VPN yako (programu ya kupitisha intaneti kwa njia ya siri), kama unayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimepiga Windows, sasa alama ya Wi-Fi haipo kabisa. Draiva nitaipakuaje bila intaneti?
Jibu: Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering (kuigawia kompyuta intaneti ya simu) kwenye mipangilio ya simu. Windows huichukulia simu kama kadi ya mtandao. Pakua draiva, sakinisha, chomoa. Angalia kifurushi chako, maana Windows inaweza kuanza kushusha masasisho wakati huohuo.

Swali: Nimebadilisha ruta. Simu inaona majina mawili ya Wi-Fi, kompyuta inaona moja tu.
Jibu: Inaelekea adapta yako ni ya gigahezi 2.4 pekee, na jina lisiloonekana ni la gigahezi 5. Hakikisha kwa kuandika netsh wlan show drivers, usome mstari wa Radio types supported. Ukikuta b, g na n tu bila a wala ac, ndivyo ilivyo. Hakuna mpangilio utakaolibadilisha hilo. Tumia lile jina moja au nunua adapta ya masafa mawili.

Swali: Mwalimu, ping zote zinajibu, lakini kila tovuti inasema si salama. Simu haina shida.
Jibu: Tazama saa na tarehe ya kompyuta. Tarehe ikiwa ya nyuma, vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa. Rekebisha. Ikirudi nyuma kila ukichomoa umeme, betri ya kwenye ubao mama imekwisha. Nyingi ni aina ya CR2032, lakini isome kabla ya kununua.

Swali: Ping ya ruta inajibu vizuri asubuhi, jioni inapotea. Sijahamisha kitu.
Jibu: Jioni majirani nao wako hewani. Kwenye gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Ingia kwenye ruta, ujaribu moja baada ya nyingine jioni hiyohiyo, huku ping ya ruta ikiendelea bila kukoma kwa kuongeza -t mwishoni mwa amri. Kama adapta inashika gigahezi 5, hamia huko kwanza.