Namna ya Kuondoa Maua Yaliyonyauka Ili Mmea Uchanue Tena

Ua likinyauka, wengi wetu huvuta petali zilizokauka na kuzitupa. Kichaka kinabaki safi, lakini maua mapya hayaji, au yanakuja machache na madogo. Petali hazikuwa zinauzuia mmea kuchanua. Nyuma yake kuna kifuko kidogo cha kijani chenye mbegu changa, na hicho ndicho lazima kiondoke.

Mmea huchanua ili upate mbegu. Ua likishachavushwa, kazi ya petali imekwisha, na sukari inayotengenezwa na majani inaanza kupelekwa kwenye mbegu. Mbegu zinazokua pia hutoa homoni zinazopunguza kasi ya kuchanua. Kwa mimea ya msimu mmoja kama zinia, marigoldi na petunia, hali ni mbaya zaidi: mbegu zikikomaa, mmea huanza kuzeeka hata kama udongo ni mzuri. Ondoa vifuko mapema, na nguvu hiyo itaenda kwenye matumba mapya.

Hatua ya 1: Andaa mkasi

Tumia mkasi wa kupogolea ambao makali yake mawili yanapishana. Ule ambao wembe wake mmoja unagandamiza juu ya bapa la chuma huponda mashina laini, na shina lililopondwa huoza kwa urahisi. Futa makali kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapohama kutoka mmea unaoonekana kuugua. Ukitumia dawa ya klorini, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, suuza mkasi baadaye, ukaushe na uupake mafuta, maana klorini hula chuma.

Kwa mimea yenye vikonyo laini, kucha za kidole gumba na cha shahada zinatosha.

Hatua ya 2: Tofautisha ua lililokwisha na tumba

Hapa dalia huwachanganya watu sana. Ua lake likishapukutisha petali hujifunga upya, na kwa mbali hufanana kabisa na tumba linalokaribia kufunguka. Liangalie kwa karibu. Tumba ni la mviringo, bapa kidogo kwa juu, na ukilibonyeza ni gumu. Ua lililokwisha limechongoka kama pia ya kuchezea watoto, ni laini, na mara nyingi ukilibinya hutoa maji ya kahawia. Lililochongoka kata, la mviringo liache.

Hatua ya 3: Kata mahali panapostahili

Kila mmea una mahali pake, na hapa ndipo pa kuwekea umakini wote.

Waridi: shuka na kikonyo kutoka kwenye ua mpaka ufikie jani la kwanza lenye vijani vidogo 5. Majani ya juu yake kwa kawaida yana 3, na jicho (kichipukizi kidogo) lililo kwenye kwapa la majani hayo, yaani pale jani linapoungana na shina, mara nyingi hutoa tawi jembamba. Tafuta jicho linaloelekea nje ya kichaka, ukate milimita 5 hivi juu yake, kwa mshazari unaoteremka upande usio na jicho ili maji yasitulie hapo. Maua mengine huja baada ya wiki 5 hadi 8, kutegemea aina na joto. Lakini kama mwaridi bado mchanga au ni dhaifu, mimi sishuki mbali hivyo. Ondoa kichwa cha ua tu na uyaache majani yote, kwa sababu ndiyo yanayoulisha.

Petunia: ukivuta ile tarumbeta ya ua, inatoka yenyewe na kukuachia kifuko cha mbegu kwenye kikonyo. Shika kikonyo nyuma ya kifuko ndipo ukate.

Zinia, marigoldi na dalia: kata juu kidogo ya jozi ya majani inayofuata. Usiache kijiti kirefu kitupu. Kitakauka na kuwa mlango wa kuvu.

Jerania: fuata kikonyo mpaka kinapoungana na shina kuu, kisha kivunje kwa kukisukuma upande. Kinaachia chenyewe.

Lavenda: kata vikonyo pamoja na sehemu ndogo ya shina lenye majani. Usiingie kwenye mti mkavu usio na majani, kwani mara chache huchipua tena.

Haidranjia yenye majani mapana: kata juu ya jozi ya kwanza ya macho yaliyonona. Maua ya msimu ujao yamo kwenye matawi hayo ya zamani, hivyo anayekata chini sana hukosa maua mwaka mzima.

Bugenvilia: ile rangi si petali, ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kile kimrija cheupe kilicho katikati. Rangi ikififia, punguza ncha za matawi yote, kwa kuwa huchanua kwenye machipukizi mapya. Miiba yake ni mikali, vaa glovu nene.

Oleanda nayo inataka glovu, kwa sababu utomvu wake ni sumu. Mabaki yake usiyachome moto, moshi nao una sumu.

Gladioli, amarilisi na mimea mingine ya maua inayoota kutoka kwenye kitunguu kilicho ardhini: kata kikonyo cha ua peke yake. Majani yaache mpaka yawe ya njano yenyewe, hata kama yanakukera macho, maana ndiyo yanayojaza kitunguu akiba ya msimu unaofuata.

Begonia ndogo za vitalu na impatiensi hudondosha maua yake zenyewe. Kusanya yaliyoanguka, basi.

Hatua ya 4: Usafi, maji na chakula

Okota kila ulichokata. Petali zilizolowa juu ya majani huleta ukungu wa kijivu, ambao ukishaingia kwenye matumba huyaozesha kabla hayajafunguka. Fanya kazi hii majani yakiwa makavu.

Mwagilia udongoni, si juu ya maua. Kisha weka mbolea yenye potasiamu ya kutosha. Nitrojeni nyingi itakupa kichaka kizuri cha majani matupu. Tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 7, ukiyaweka mbali kidogo na shina. Wakati wa maua mengi pita mara mbili kwa wiki, kwani kukata machache mara kwa mara hakuuchoshi mmea kama kuukata wote kwa siku moja.

Hatua ya 5: Acha ya mbegu

Msimu unapoelekea mwisho, acha vichwa vichache vya zinia au marigoldi vikauke mmeani. Chagua mimea iliyokuwa na afya. Kama pakiti uliyonunua iliandikwa F1, yaani mbegu chotara za kizazi cha kwanza, watoto hawatafanana na mama, kwa hiyo usihangaike nayo. Alizeti na ekinasia naziachia ndege. Mbegu zako zianike kivulini mpaka zikauke kabisa, uzitie kwenye bahasha ya karatasi yenye jina na tarehe. Plastiki hufungia unyevu ndani, na mbegu huvunda.