Kutoka Tofauti ya Sifa Hadi Jeni: Mwongozo wa Kutafuta Chanzo cha Utofauti wa Asili Katika Mimea

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa siku kadhaa na mwanafunzi aliyekuwa amepima mimea yake kwa uangalifu mkubwa, kisha uchanganuzi wa GWAS (unaotafuta katika jenomu nzima, yaani DNA yote ya mmea, alama za DNA zinazohusiana na sifa) ukamrudishia grafu tambarare isiyo na kilele hata kimoja, yaani bila mahali popote palipoonyesha uhusiano mkubwa. Kosa lilikuwa katika faili moja tu, na mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki mbili kwa kosa hilohilo; ndiyo sababu hatua ya tatu ni ndefu kuliko zote. Mifano yangu ni ya Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wenye kromosomu 5 na jeni zipatazo 27,000. Mmea huu hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mbegu za nasaba moja (ukoo mmoja wa mimea) hufanana kijenetiki, na nasaba iliyokwisha kusomwa DNA yake mara moja inaweza kuoteshwa na kupimwa tena na tena bila kusomwa upya.

Hatua ya 1: Chagua nasaba

Tumia mkusanyiko ambao tayari umesomwa jenomu yake. Mradi wa 1001 Genomes ulichapisha mwaka 2016 jenomu za nasaba 1,135 za Arabidopsis, na data yake iko wazi kwa kila mtu. Ikiwa nafasi ya kuoteshea inatosha mimea 800, mimi hupanda nasaba 200 zenye mimea minne kila moja, wala si nasaba 50 zenye mimea 16, kwa kuwa nguvu ya kugundua jeni hutokana hasa na idadi ya nasaba.

Hatua ya 2: Pima sifa

Changanya nasaba kwa nasibu katika trei zote, na usiweke mimea ya nasaba moja mahali pamoja. Andika namba ya trei na nafasi ya kila mmea, kisha kokotoa wastani wa kila nasaba kwa modeli inayoondoa athari ya trei.

Hatua ya 3: Unganisha vipimo na data ya DNA

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya, maana programu haitoi onyo lolote. Mimi hutumia programu mbili: PLINK kuandaa data na GEMMA kufanya uchanganuzi. GEMMA husoma vipimo kutoka safuwima ya sita ya faili la .fam (orodha ya nasaba inayoandamana na data ya DNA), na huvisoma kwa mpangilio wa safumlalo, si kwa majina ya nasaba. Ukifungua faili hilo katika programu ya majedwali na kubandika safuwima ya vipimo iliyopangwa kwa alfabeti, huku safumlalo za .fam zikiwa zimepangwa kwa namba, kila nasaba itapewa kipimo cha nasaba nyingine. Uchanganuzi utakwenda hadi mwisho bila tatizo, grafu itachorwa, na wewe utaamini kwamba sifa yako inaongozwa na jeni nyingi zenye athari ndogo, maelezo ambayo yanapendeza masikioni na ambayo katika hali hii ni uongo.

Mtego wa pili uko katika kuchuja. Ukiipa PLINK orodha ya nasaba unazotaka kubakiza kwa amri ya --keep, faili jipya litafuata mpangilio wa faili la zamani, wala halitafuata mpangilio wa orodha yako. Wiki zangu mbili zilipotelea hapo: nilikuwa nimepanga orodha kwa uangalifu, nikachukulia kwamba faili jipya limeifuata, na sikurudi kulitazama.

Kwa hiyo usibandike chochote kwa mkono. Tengeneza faili la maandishi lenye safuwima tatu, yaani namba ya familia, namba ya nasaba na kipimo, kisha iachie PLINK ioanishe kwa majina:

plink --bfile nasaba --pheno vipimo.txt --make-bed --out tayari

Hata hapo zipo tahadhari. PLINK huichukulia namba -9 kuwa ni kipimo kinachokosekana, kwa hiyo sifa inayoweza kuwa na thamani hiyo kwa kweli ibadilishwe kipimio kwanza. Tahadhari kubwa zaidi inahusu sifa za ndiyo na hapana. Ukiandika 0 kwa mmea usio na sifa na 1 kwa mmea wenye sifa, PLINK itaihesabu 0 kuwa data inayokosekana, na nusu ya nasaba zako zitatoweka. Tumia 1 na 2, au ongeza --1 katika amri. Tumia pia namba za utambulisho badala ya majina: nasaba ya Col-0, kwa mfano, ni 6909 katika mkusanyiko wa 1001 Genomes. Majina huandikwa kwa namna nyingi, na yale yenye kistari na tarakimu yanaweza kugeuzwa kuwa tarehe na programu ya majedwali bila wewe kuulizwa.

Kisha fanya majaribio mawili kabla ya kusonga mbele. La kwanza ni kupitisha mlolongo wako wote kwa sifa ambayo jibu lake linajulikana. Kiwango cha sodiamu katika majani kinafaa sana, kwa sababu kilele chake hutokea kwenye jeni ya HKT1 katika kromosomu ya 4. Ukikikosa kilele hicho, kosa liko katika mafaili yako. La pili ni kutazama faili la kumbukumbu la GEMMA, ambamo kuna makadirio ya sehemu ya utofauti inayoelezwa na alama zote za DNA kwa pamoja. Ikiwa marudio yako (mimea kadhaa ya nasaba moja) yanaonyesha kwamba sifa inarithiwa kwa nguvu, lakini makadirio hayo yanakaribia sifuri, shuku mpangilio wa safumlalo kabla ya kushuku biolojia.

Mbegu zenyewe nazo huweza kubadilishwa lebo katika maabara kwa miaka mingi. Chagua nasaba chache, hasa zile zenye vipimo vya kushangaza, uzisome upya alama chache za DNA.

Hatua ya 4: Fanya uchanganuzi

gemma -bfile tayari -gk 1 -o undugu
gemma -bfile tayari -k output/undugu.cXX.txt -maf 0.05 -lmm 4 -o matokeo

Amri ya kwanza hutengeneza jedwali la undugu baina ya nasaba, na ya pili hulitumia kurekebisha hesabu. Bila jedwali hilo, sifa yoyote inayotofautiana kati ya kaskazini na kusini itaonekana kuhusiana na maelfu ya alama ambazo nazo hutofautiana kati ya kaskazini na kusini kwa sababu za asili ya ukoo tu. Kizingiti cha Bonferroni, yaani 0.05 ikigawanywa kwa idadi ya alama zilizopimwa, kinatosha kwa kuanzia.

Hatua ya 5: Soma kilele kwa subira

Kilele ni eneo, si jeni. Katika Arabidopsis, alama zilizo ndani ya takriban bezi 10,000 mara nyingi hurithiwa pamoja, na umbali huo hubeba jeni kadhaa. Orodhesha zote, hata zisizo na maelezo, kwa sababu kuchagua ile yenye jina la kuvutia ndiko kunakowapotosha watu wengi.

Alama yenye thamani ndogo kuliko zote za p (uwezekano wa kuona uhusiano mkubwa namna hiyo kwa bahati tu) si lazima iwe ndiyo chanzo. FRIGIDA, jeni inayochelewesha kutoa maua, imevunjika kwa njia mbili zilizoenea: upungufu mmoja (kipande cha DNA kilichokatika) unapatikana katika Col-0 na mwingine katika nasaba ya Landsberg erecta. Kila upungufu unaeleza sehemu tu ya nasaba zinazowahi kutoa maua, kwa hiyo alama ya jirani inayoambatana na aina zote mbili za upungufu kwa bahati inaweza kuonekana na nguvu kuliko chanzo chenyewe. Isitoshe, sifa hii hufuatana na jiografia, na jedwali la undugu linaweza kuifuta pamoja na kelele. Unaposhuku hali hiyo, chavusha nasaba mbili zinazotofautiana na uchunguze vizazi vyao. Ndani ya familia moja, undugu unaofuatana na jiografia hauna nafasi ya kukudanganya.

Hatua ya 6: Thibitisha

Wengi huagiza mmea wa Col-0 ulioharibiwa jeni husika, wakaona sifa haibadiliki, wakaitupa jeni hiyo. Kwa FRIGIDA wangekosea kabisa, kwa sababu Col-0 tayari ina aleli (toleo la jeni) iliyovunjika, na kuharibu kilichokwisha kuharibika hakuonyeshi lolote. Anza kwa kuuliza ni aleli ipi inayofanya kazi, na inapatikana katika nasaba ipi, kisha uiharibu humo kwa CRISPR, teknolojia ya kuhariri DNA.

Jaribio ninaloliamini zaidi ni kuingiza aleli zote mbili, kila moja pamoja na eneo lake la udhibiti, katika mmea mmoja usio na jeni hiyo. Linganisha makundi ya mimea iliyobadilishwa, angalau mimea 20 inayojitegemea kwa kila aleli (kila mmoja ukitokana na uingizaji wake wa DNA), kwa sababu mahali DNA inapojipachika huathiri utendaji wake, na mimea miwili au mitatu inaweza kukuonyesha tofauti ya mahali huku ukidhani ni tofauti ya aleli.